Kidole Nilichobonyeza Mara Nne

Issuna, Jumapili mchana

Mwanangu Zainabu,

Najua bado hujaondoka. Hivi ninavyoandika uko Mandewa kwa shangazi yako unamuaga, na jioni utarudi tule pamoja. Lakini barua hii nitaificha kwenye sanduku lako, chini ya kanga zile mbili, kwa hiyo utaisoma ukiwa Rungwa au ukiwa njiani. Basi nakusalimu kama mtu aliye mbali, maana ukiisoma utakuwa mbali kweli.

Baba yako anakusalimu. Yuko nyuma ya nyumba anatafuta kamba ya kufungia godoro lako. Kamba aliyoipata ni ya ng'ombe, na amesema ukifika uitunze, likizo uirudishe. Bibi yako anakusalimu sana. Amekaa mlangoni anakuchambulia karanga za safari, mbovu anatupa, nzuri anakula, sijui utabaki na zipi. Ramadhani anasema shikamoo dada, na anauliza kama ni kweli huko tembo wanaingia mpaka kwenye uwanja wa shule, na kama ni kweli umpigie picha. Mama Eliza jirani yetu anakusalimu, ameleta chupa ya mafuta ya alizeti na amesema leo kanisani wamekuombea, ingawa wewe ni Mwislamu, Mungu hatauliza. Kuku mweusi hakusalimu. Yeye bado hajui kwamba kesho mnasafiri wote, wewe ukiwa umekaa na yeye akiwa amekaangwa.

Mimi mama yako nakusalimu pia. Mwili wangu hauna ugonjwa. Ila nina hasira, na hasira yenyewe sijui niiweke wapi, ndiyo maana nimechukua daftari la Ramadhani nikachana karatasi za katikati.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala dawa ya malaria, wala kuchemsha maji ya kunywa. Hayo bibi yako amekuambia mara saba na kesho atakuambia ya nane ukiwa umeshabeba mzigo. Ninaandika kwa sababu ya Alhamisi.

Tangu Alhamisi mimi na wewe tunaishi kama wapangaji. Nikikuita unaitika abee mama, unachota maji, unafagia, unanipa kiti, lakini macho yako hayanifikii. Na mimi ni hivyo hivyo. Nimeona kesho utaondoka tukiwa hivi, halafu nitakaa hapa nahesabu siku na kujilaumu. Wewe ulisema neno moja siku ile, na mimi sikukujibu. Leo nakujibu.

Tulikuwa tunakula. Ugali wa mtama na mlenda, mimi na wewe na bibi yako, baba yako alikuwa bado shambani, Ramadhani yuko shuleni. Simu yako ikalia, ukaweka sauti kubwa ili tusikie kwamba afisa wa serikali anamwita mwanetu mwalimu. Nisikufiche, nilifurahi. Nilimtazama bibi yako nikaona naye amefurahi. Yule mtu alikuwa na sauti nzuri. Alisema anatoka kwenye ofisi ya ajira, picha ya kitambulisho chako uliyomtumia jana yake ameiona, mbele na nyuma, imekaa vizuri, na sasa zimebaki namba sita tu zilizoingia kwenye simu yako dakika ile, umsomee, maana wanafunga saa nane kamili, na walimu wapya ambao hawatakuwa wamehakikiwa mshahara wao wa kwanza utarukwa. Ukaanza kusoma. Ukasoma ya kwanza, ukasoma ya pili, ukasoma ya tatu.

Mimi sikufikiri. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaipokonya simu, ikaniteleza, ikaangukia kwenye bakuli la mlenda, ikazimika, na hapo likanitoka lile neno la Kinyaturu ambalo bibi yako aliacha kutafuna alipolisikia. Unalikumbuka. Halafu wewe ukainuka, mlenda unachuruzika kwenye simu mpya, ukaniambia, "Mama, haya si mambo ya darasa la nne."

Nikanyamaza. Nikaokota tonge langu nikala. Ulidhani nimenyamaza kwa kuwa umesema kweli, na kweli ulisema, darasa la nne ndipo nilipoishia, kaka zangu wakaendelea. Lakini nilinyamaza kwa sababu jibu langu lilikuwa na habari ambayo baba yako alinikataza nisikuambie. Alisema usimtie mtoto mawazo akiwa chuoni. Sasa chuo umemaliza. Na baba yako yuko nyuma ya nyumba na kamba yake.

Mwaka juzi, kipindi cha kuvuna alizeti, nilikwenda mnadani kuuza jogoo wawili. Ulikuwa umeniambia kwa simu ya Mama Eliza kwamba ninunue laini yangu mwenyewe, ili tuwe tunaongea bila kusumbua watu. Nikasema leo nikiuza jogoo nanunua laini. Pale karibu na wauza mitumba alikuwepo kijana mmoja amekaa chini ya mwavuli mkubwa, amevaa tisheti ya kampuni ya simu. Leo najua tisheti kama ile inauzwa palepale mnadani, anayeitaka anapata. Siku ile sikujua.

Aliponiona akasimama. Akavua kofia. Akasema, "Shikamoo mama yangu," na akainama kidogo, vile tunavyowafundisha nyie tangu mnatambaa. Zainabu, nitakuambia ukweli, kuna vijana wa hapa kijijini niliowashika mikono siku wanazaliwa, siku hizi wananipita na pikipiki wanasema mambo vipi. Huyu mgeni akanivulia kofia. Nikasema marahaba mwanangu, na moyo wangu ukakaa hapo hapo. Akanipa kiti chake, yeye akachuchumaa. Akaniuliza mazao. Akaniambia mama yake mzazi naye analima alizeti, amefanana na mimi mpaka paji la uso.

Akachukua kitambulisho changu cha taifa, akaandika anayoyaandika, akanipa kile kidude nibonyeze kidole. Nikabonyeza. Akatikisa kichwa. Akasema mama, mikono hii ni ya kazi, kidole hakijashika, futa kidogo kwenye kanga uweke tena. Nikafuta, nikaweka. Akasema hapo imekaribia. Nikaweka mara ya tatu. Akasema mashine ndiyo yenye matatizo leo, mama, si wewe, weka ya mwisho. Nikaweka.

Na mimi niliamini, unajua kwa nini? Kwa sababu hata siku tunaandikishwa vitambulisho vyenyewe kidole changu kilikataa. Vidole vyangu vimeisha, mwanangu. Vimeishia kwenye jembe, kwenye kupura mtama, kwenye kuvunja vichwa vya alizeti miaka thelathini. Siku ile ya vitambulisho waliniambia nipake mafuta nirudi, na watu wote kwenye foleni walinisubiri. Kwa hiyo kijana wa mwavuli aliposema kidole hakijashika, nilijua aibu yangu ya zamani imerudi. Nikamwomba radhi. Sikia hapo, Zainabu, maana hapo ndipo ninaposhindwa kulala mpaka leo. Mwizi alikuwa ananiibia, na mimi nilikuwa namwomba radhi kwa kumchelewesha.

Kidole kilikuwa kimeshika tangu mara ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa laini yangu. Tatu zilizobaki alijisajilia yeye, kwa jina langu, kwa kidole changu, mimi nimekaa kwenye kiti chake.

Akanipa laini, nikampa hela, akanipa na pipi ya kumpelekea mjukuu. Nikamwambia sina mjukuu bado, akacheka, akasema basi ule mwenyewe mama. Niliila njiani.

Nimeshafika kwenye jambo ambalo hata baba yako halijui. Andika moyoni, usiandike popote.

Kama majuma matatu baadaye ile laini iliniharibikia, nikaenda Ikungi kwenye duka la simu kuitengeneza upya. Dada wa pale akachukua kitambulisho changu, akatazama kwenye kompyuta yake, akaniuliza, "Mama, hapa una laini nne, zote ni zako?" Aliuliza kwa adabu. Nyuma yangu palikuwa na foleni, na kijana mmoja kwenye foleni akacheka, akasema bibi ana laini nne, ana michepuko. Watu wakacheka naye. Sikuelewa ni vipi mtu mmoja awe na laini nne. Sikujua hata kama ni kosa au ni kawaida. Nilichojua ni kwamba nikiuliza, watajua sijui. Nikamjibu yule dada, "Ndiyo, zote zangu."

Maneno matatu. Angenifungia zile nyingine palepale, ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Lakini nilisema zangu, naye akaendelea na kazi yake, na mimi nikatoka pale nimenyoosha shingo kama mtu mwenye mali.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja napepeta mtama, nikaona mtendaji wa kijiji anakuja na askari asiyevaa sare, na nyuma yao mzee mmoja mrefu ameshika fimbo, viatu vyake vina vumbi la safari. Nikaacha ungo, nikapiga goti, nikamwambia yule mzee shikamoo baba. Hakuitika.

Wewe umezaliwa hapa, unajua. Mzee kukataa shikamoo yako mbele ya mlango wako, mbele ya mtendaji, mbele ya mama mkwe wako, bora akuchape na ile fimbo. Nilidhani hajasikia. Nikarudia. Akatazama pembeni.

Mtendaji akaniuliza kama mimi ndiye Mwanaidi Hamisi Muna. Nikasema ndiyo, nani asiyenijua. Yule mzee ndipo akaniangalia. Akasema, "Nilitaka kuona sura ya hilo jina."

Alikuwa anaitwa Mzee Gunda, wa upande wa Iramba. Ana mtoto wa kiume anachimba dhahabu kwenye machimbo, huko ambako simu zinapatikana siku moja, siku tatu hazipatikani. Mtu akampigia akamwambia shikamoo mzee, mimi ni mganga wa zahanati, mwanao ameangukiwa na kifusi, yuko hai lakini damu inamtoka, gari la kumpeleka hospitali kubwa linataka hela kabla halijawasha. Akampa namba ya muuguzi wa kutumiwa hela hiyo. Mzee akajaribu kumpigia mwanawe, hapatikani. Akauza maksai wake wawili jioni ile ile, kwa bei ya kutupa, kwa mtu aliyejua kwamba mwenzake ana shida. Akaenda kwa wakala. Na kabla hajatuma, jina la mwenye namba likatokea kwenye simu.

Akasema alilisoma mara mbili. Alikuwa na wasiwasi, akasema, lakini alipoona ni jina la mwanamke, jina la watu wa huku kwetu, akasema moyoni huyu ni mama wa watu, hawezi kunidhulumu na mtoto wangu yuko kwenye hali ile. Akatuma.

Unaona walichoniibia? Mimi hawakuniibia hata shilingi moja. Walichukua jina alilonipa babu yako, wakalipeleka mbele ya mzee wa watu kama mtego wa kware.

Mwanawe alikuwa mzima kabisa, alikuwa shimoni anachimba.

Nikaapa. Nikasema nina laini moja, hii hapa, nikaitoa simu kwenye fundo la kanga. Yule askari hakuwa mtu mbaya. Akaichukua, akabonyeza zile namba za kuangalia laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, akanionyesha. Nne. Mtendaji akaguna. Bibi yako aliyekuwa amekaa palepale anaposali akasema jina la Mungu. Na mimi, Zainabu, nilipoziona zile nne, ndipo nikamkumbuka yule dada wa Ikungi.

Askari akauliza laini hizi nilizipataje. Nikamweleza habari za mwavuli, kofia, kiti, na kidole kilichokataa mara tatu. Akasema mama, si wewe wa kwanza. Akaniuliza nilijua lini. Nikasema sasa hivi.

Nilidanganya.

Mzee Gunda akasogea. Akasema nimwonyeshe hicho kidole. Nikamnyooshea mkono, akaushika, akageuza kiganja juu, akavitazama vidole kimoja kimoja. Akavisugua na gumba lake. Kisha akaweka mkono wake karibu na wangu. Vilikuwa sawasawa, vyake na vyangu, laini kama kokoto za mtoni. Halafu akasema, "Marahaba, mama. Ile ya mwanzo."

Nililia siku ile mbele ya watu wote. Walidhani nalia kwa kuonewa. Nilikuwa nalia kwa sababu marahaba ile sikuistahili yote. Kama ningesema Ikungi sijui, dada nieleweshe, maksai wa mzee yule wangekuwa zizini.

Nilipelekwa kituoni kuandika maelezo, nikachovya tena kidole kwenye wino. Mama Eliza ndiye aliyenisindikiza. Wanawake wa kisimani wakaanza kusema kumbe Mama Zainabu ana biashara ya simu, ndiyo maana binti anasomeshwa. Mama Eliza aliwajibu jibu ambalo kwaya yake isingelifurahia. Zile laini tatu zikafungwa. Kijana wa mwavuli hakuonekana tena kwenye mnada wowote, na tulipoulizana hakuna aliyemjua. Yeye aliondoka na majina yangu yote matatu. La kwake mimi sikuuliza hata moja.

Msimu uliofuata nilimpelekea Mzee Gunda gunia la mtama. Nilimkuta analima kwa jembe la mkono, umri ule, na mkewe. Alipokea, akanishukuru, akanipa maji. Nilikuwa nimekwenda kumwambia habari ya dada wa Ikungi. Sikumwambia. Nilikunywa maji nikarudi.

Kwa hiyo ukiniambia haya si mambo ya darasa la nne, nakubali. Na wewe je? Wewe umesoma mpaka ukapata cheti, na Alhamisi ulikuwa unamsomea mwizi namba moja moja kama mtoto anayehesabu mbele ya mwalimu. Mimi walinishika kwa kidole kilichochakaa, wewe wanakushika kwa ajira mpya. Mimi niliogopa kuonekana sijui, wewe unaogopa mshahara kurukwa. Kila mtu wanamtafutia kidonda chake. Ulinitazama kwa dharau siku ile, na mimi nilikuwa nakutazama kwa hofu, maana nilikuwa namwona yule kijana anavua kofia.

Na uliona mwenyewe kilichofuata. Simu ilipokauka yule afisa wako alipiga mara tatu, hukupokea. Ndipo akatuma ujumbe. Ulifikiri sijaona. Niliona uso wako, na ujumbe wenyewe niliusoma nyuma ya bega lako. Afisa wa ajira gani anamtukania mwalimu mama yake mzazi kwa sababu hajasomewa namba? Ukaufuta ule ujumbe haraka, na hukuniambia pole mama, wala mama ulikuwa sahihi. Ulinyamaza. Hapo sikukasirikia dharau yako, mwanangu. Nilikasirika kwa sababu niliujua ule unyamavu. Ni wangu. Ndiyo ule wa Ikungi. Nyumba, mbuzi, ng'ombe, sina cha maana cha kukurithisha, halafu kati ya vyangu vyote ukachukue kile.

Nimechoka na hasira hii. Nawakasirikia wao, kwamba wamechukua hata shikamoo yetu wakaifanya ufunguo wa kufungulia nyumba za watu. Siku hizi namba nisiyoijua ikiniamkia vizuri, mwili unanisisimka, nami nilikuwa mtu wa kuitika marahaba kwa furaha. Hiyo nayo wameniibia na hakuna kituo cha kwenda kuandikisha. Najikasirikia mwenyewe. Unakumbuka nilivyokuwa nikienda kutoa hela kwa wakala, nampa simu nzima, namwambia kwa sauti bonyeza mwanangu, namba ya siri ni mwaka aliozaliwa Zainabu? Foleni yote inasikia. Mnada mzima ulijua mwaka wako wa kuzaliwa. Sasa nimebadilisha, nageuka mgongo nabonyeza mwenyewe polepole, hata kama nachukua muda. Wananiita Mama Siri. Waniite.

Picha ya kitambulisho chako iko kwa yule mtu. Mbele na nyuma. Hiyo hairudi, hata nikitukana neno lile mara mia. Kesho gari likifika Manyoni, kabla hujapanda la kwenda Itigi, nenda dukani kwa watu wa simu. Uliza laini ngapi zina jina lako. Ukikuta isiyo yako, sema si yangu, sema kwa sauti, foleni icheke ikitaka kucheka. Waambie na watu wa benki kwamba kitambulisho chako kimeshikwa na mwizi. Watakuuliza ilikuwaje, na utaona aibu, mwalimu mzima. Iseme hiyo aibu hivyo hivyo. Mimi yangu niliitunza miezi miwili, na mzee mmoja Iramba anaijua bei yake kuliko mimi.

Na jina lako likae kwako. Uko mbali huko, utasajiliwa mambo mengi, mikopo ya walimu, vikundi, sijui nini. Akikuharakisha mtu, muache aende na haraka yake. Kidole kikikataa mara moja, ondoka nacho, rudi siku nyingine. Usimwombe radhi.

Limebaki moja, na hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Wanasema huko Rungwa mtandao unapatikana sehemu moja tu, juu kwenye kilima kimoja nyuma ya zahanati, na siku nyingine haupatikani kabisa. Kwa hiyo nitakutafuta, hutapatikana. Nami nimeshajifunza kwa Mzee Gunda kwamba hiyo ndiyo siku ya wezi. Siku moja nitapigiwa, mtu ataniamkia vizuri, ataniambia mwalimu Zainabu amegongwa na pikipiki, au nyoka amemuuma, tuma hela. Siku nyingine sitapigiwa na mganga, itakuwa sauti ya msichana analia, inasema mama ni mimi nisaidie. Mama Eliza ameniambia hata sauti siku hizi wanaigiza. Na mimi najijua, Zainabu. Nikisikia unalia nitauza hata bati za hii nyumba.

Kwa hiyo nimejiwekea amri. Atakayenipigia, awe mganga, awe askari, awe wewe mwenyewe unalia, nitamwuliza kitu kimoja. Nitamwambia, simu ilipoangukia kwenye mlenda, mama alisema neno gani. Tulikuwa watu watatu tu pale. Halimo kwenye kitambulisho chako, halimo kwenye cheti, halimo kwenye simu, na hapa sitaliandika. Bibi yako amenikataza hata kulinong'ona. Asiyelijua nitamkatia simu. Ukiwa ni wewe kweli na umelisahau, nitakukatia na wewe, halafu nitakaa chini nilie, lakini hela sitatuma, nitamtuma baba yako apande gari aje akuone kwa macho. Usinisahaulie hilo neno, mwanangu. Usinifanye nimkatie simu mtoto wangu.

Nasikia bibi yako anasema gari la Singida limepita, basi uko njiani unarudi. Karatasi zimekwisha na mkono unaniuma.

Ukishafika usingoje kupanga vitu. Panda huko juu kwenye mtandao siku ile ile, hata kama jua linakuchoma, unipigie. Nitakuwa nimeishika simu mkononi. Na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu nikufundishe kuongea, usiniamkie kwanza. Sema lile neno. Lipaze, hata kama walimu wenzako wapo hapo wanasikia. Nikishalisikia nitajua ni wewe, ndipo uniambie shikamoo, nami nitakuitikia kama zamani.

Mimi mama yako,
Mwanaidi Hamisi Muna